IgE au IgG: nilipie kipimo kipi cha damu?

Mkazi wa Mbagala
Habari zenu, wanajukwaa. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, kwa sababu maabara inataka malipo mapema. Nimepewa hiari ya vipimo viwili: cha kwanza kinatafuta kingamwili za IgE kwa vyakula vichache nitakavyovitaja mwenyewe, na cha pili kinapima kingamwili za aina nyingine, IgG, kwa vyakula zaidi ya 200 kwa mara moja, ingawa bei yake ni karibu mara tatu ya kile cha kwanza. Mhudumu anasisitiza kwamba hicho cha pili ndicho kinachoonyesha vyakula ambavyo mwili unavikataa. Nichukue kipi?

Binti Chumbageni
Ndugu yangu, hujatueleza mgonjwa ni nani, ana umri gani, anadhurika na chakula gani, wala dalili huanza baada ya muda gani. Vipele na uvimbe wa midomo unaotokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili ni jambo moja. Tumbo kujaa gesi kila baada ya chai ya maziwa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa watu wazima wengi wa kwetu wana upungufu wa laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na upungufu huo hauonekani katika IgE wala IgG.

Mteknolojia wa Damu
Naungana na Binti. IgE ndiyo kingamwili inayohusika na mzio wa ghafla, lakini hata majibu yake yanahitaji historia ya mgonjwa. Kwa miaka mingi kiwango cha 0.35 kimetumika kama mpaka wa kusema majibu ni chanya, na bado wapo wanaovuka mpaka huo huku wakila chakula chenyewe bila shida yoyote. Ama IgG, hiyo mwili huitengeneza kwa chakula ulichokizoea. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa mzio kilishauri mwaka 2008 kwamba IgG4, ambayo ni aina mojawapo ya IgG, isitumike kutambua mzio wa chakula, na wenzao wa Marekani na Kanada wakatoa msimamo kama huo mwaka 2010 na 2012.

Mzee wa Lishe
Kwa heshima zote, mwanangu, vyama hivyo havikai na wagonjwa wetu. Mimi nilipima IgG, nikaacha ngano na mayai, na kipandauso kikapungua sana. Mtu aliyepona hahitaji waraka wa Ulaya.

Mama Salha
Mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi kwamba umepata nafuu, ila nitaeleza yaliyompata mtoto wa mdogo wangu. Alikuwa na ukurutu, wakampeleka kwenye maabara moja ya binafsi, na karatasi ikarudi na alama nyekundu kwenye mayai, maziwa, ngano, maharage na ndizi, yaani vile vile alivyokuwa akilishwa kila siku. Wazazi wakaviondoa vyote kwa pamoja. Mtoto akabaki na uji wa mchele na viazi, akapungua uzito hadi kliniki ya watoto ikashtuka, na ukurutu haukuondoka hata kidogo. Daktari aliwarudishia vyakula kimoja kimoja huku akimwangalia. Mtoto alivila vyote bila madhara, na ngozi ikatulia kwa mafuta na dawa ya kupaka. Jambo linaloniudhi hadi leo ni kwamba aliyewauzia kipimo hakuuliza hata mara moja mtoto anakula nini.

Mkazi wa Mbagala
Poleni sana. Mgonjwa ni mke wangu, ana miaka 31. Midomo humvimba akila kamba, na mara moja aliwashwa mwili mzima baada ya kula jodari. Tumbo pia humsumbua.

Mteknolojia wa Damu
Hayo ungeyasema tangu mwanzo! Jodari aliyekaa bila barafu hujaa histamini, kemikali inayoleta mwasho, na anayemla huwashwa na kuwa mwekundu usoni hata kama hana mzio wa samaki. Kuhusu kamba, IgE inafaa, lakini protini yake inafanana na ile ya mende na utitiri wa vumbi, hivyo majibu chanya peke yake hayatoshi. Midomo ikivimba pamoja na kubanwa na pumzi, msisubiri maabara, nendeni hospitali.

Mzee wa Lishe
Ampe kwanza dawa ya minyoo. Minyoo hupandisha IgE.

Mteknolojia wa Damu
Hupandisha IgE ya jumla, Mzee. Hapa tunazungumzia IgE ya kamba.

Mzee wa Lishe
Na watafiti waliowapima watoto wa Ghana wakakuta IgE ya karanga kwa wenye kichocho, ambacho nacho huletwa na minyoo, ambao karanga hazikuwadhuru? Hiyo nayo ni ya jumla?

Mteknolojia wa Damu
Hapo umenena kweli, na ndiyo sababu nasema historia itangulie.

Binti Chumbageni
Tumrudie mgonjwa. Siku ile ya jodari, waliokula naye walidhurika?

Mkazi wa Mbagala
Nimemwuliza sasa hivi: dada yake naye aliwashwa. Kamba humdhuru yeye peke yake. Je, naweza kulipia kamba tu bila kununua orodha nzima? Mhudumu anasema punguzo ni la orodha nzima.