Mbwa aliyeokolewa anayewaliwaza wanyama wengine

Swali: Hifadhini kwetu yupo mbwa jike aliyeokolewa ambaye, kila anapoletwa mwanambuzi yatima, hulala ubavuni pake na kumlamba masikio hadi atulie. Je, ni salama kumwachia?

Jibu: Ni salama, mradi mwanambuzi mgeni amekwisha kukaa karantini na mbwa amechanjwa, kwani kichaa cha mbwa huambukiza mamalia wote.

Jibu: Inawezekana kabisa. Mwaka 2016, katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, mbwa aitwaye Blakely alisaidia kuwalea watoto wa duma waliozaliwa kabla ya wakati.

Jibu: Nakusihi umwangalie mbwa naye pia: akipiga miayo mara kwa mara, akijilamba midomo au akigeuza uso, huenda ameelemewa, hivyo mtengee mahali pake ambapo mnyama mwingine haingii.