Naomba ushauri kwa madereva wa malori Ulaya: pumziko la wiki mnalala wapi?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoendesha masafa marefu Ulaya, hasa mlioajiriwa Poland.

Mimi ni Mtanzania. Kampuni imesajiliwa Poland, ila kazi karibu yote ni Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa. Saa za kuendesha hazina tatizo, takografu (kifaa cha kurekodi saa za kuendesha na kupumzika) inatubana: ukifikisha saa 4 na nusu unapumzika dakika 45. Kinachonisumbua ni pumziko la wiki. Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 561/2006, inakataza kulala kwenye kabini pumziko kamili la saa 45, na malazi analipa mwajiri. Sisi tunalala humo humo, kwenye maegesho ya barabara kuu, tunapika kwa jiko la gesi kando ya tairi, na choo mara nyingi ni cha kulipia. Unaamka mwili mzito, halafu unaingia barabarani na lori la tani 40 katikati ya magari ya watu wenye familia. Hapo ndipo ninapoogopa kweli.

Nimemwandikia mpangaji wa safari, kajibu kwamba anayetaka hoteli ajilipie. Na kibali changu cha kazi kimefungwa kwa mwajiri huyu.

Je, kuna aliyewahi kulalamika kwa wakaguzi wa kazi wa Poland (PIP), au kwa washauri wa Faire Mobilität kule Ujerumani (huduma ya vyama vya wafanyakazi kwa wanaotoka nje), na kibali chake kikabaki salama? Na ushahidi gani nianze kuukusanya: karatasi za takografu, picha, au hizo meseji zinatosha?