Redio kutusomea gazeti zima asubuhi: ni huduma au ni kula jasho la mwenzio?

Wakuu, habari za asubuhi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, ngoja nilitoe hapa.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea mkoani, wale tunaolipwa kwa stori. Nilifuatilia visima vya kijiji kimoja wilayani kwetu. Vilichimbwa, vikazinduliwa kwa ngoma na pilau, miezi minne baadaye pampu zote zimekufa. Nilikwenda mara tatu kwa bodaboda, nauli yangu. Mtendaji akanizungusha, fundi akanikatia simu, mama mmoja akanionyesha ndoo yake: maji rangi ya chai ya maziwa. Stori ikatoka Jumanne, ukurasa wa tano. Malipo, shilingi 15,000.

Jumanne hiyo hiyo, saa moja kasoro, nipo kwenye daladala. Kipindi cha asubuhi kimefika kwenye magazeti. Namsikia mtangazaji anaisoma stori yangu aya kwa aya, mpaka ile ndoo. Jina la kijiji kalikosea, milioni 43 zimekuwa 430, jina langu halimo. Akatupia mzaha kuhusu chai ya maziwa, mwenzake akacheka, likaingia tangazo la sabuni. Jirani yangu wa siti akasema, "Huyu jamaa anachimba kweli kweli." Nikanyamaza. Ningesema nini, tushikane mashati asubuhi yote ile?

Mtakumbuka mwaka 2017 Waziri wa Habari wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu, anayetaka undani akanunue gazeti. Nililipinga lile agizo, na leo ningelipinga tena. Waziri akishaanza kupima redio isome mistari mingapi, kesho atapima mengine. Na ndio mwaka ambao magazeti ya Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa, kwa hiyo ule uchungu wa serikali juu ya mauzo ya magazeti mimi haukuniingia akilini.

Sitaki amri, nataka ustaarabu. Soma kichwa na aya ya kwanza, taja gazeti, taja mwandishi, kisha mpigie simu aeleze dakika tatu. Naomba kuwasilisha.

*Kutoka Namtumbo:*
Pole kaka, ila nyinyi wa mjini mnasahau. Huku gazeti linakuja na basi, likiwahi ni jioni, lisipowahi ni kesho yake. Pesa ya gazeti ni pesa ya unga. Bila redio kusoma yale magazeti sisi tungekuwa tunaijua nchi hii kwa tetesi za mnadani. Aya ya kwanza hainitoshi. Aya ya kwanza inasema waziri amesema, ya saba ndiyo inasema wanakijiji wamesemaje.

*Mchangiaji wa Tabora:*
Mimi sioni. Tangu nikiwa na miaka tisa. Nani ananisomea gazeti nyumbani? Watoto wanawahi shule. Ukikata ile nusu saa umenikata mimi.

*Mimi ni wa redioni, kituo msikiulize:*
Ngoja niwape ukweli. Kile kipengele cha magazeti ndicho kinachosikilizwa kuliko vyote na kina mdhamini wake. Gharama yake kwetu ni magazeti saba tu na mtu mwenye sauti. Wakati huohuo chumba cha habari kizima tuko wanne, na gari la kwenda kijijini lipo pale mdau akialika semina. Mleta mada ana haki ya kulalamika. Kupiga simu kwa mwandishi tuliwahi kujaribu, lakini saa kumi na mbili na nusu nusu yao hawapokei, wengine wanaogopa mhariri wao. Jina kutotajwa, hapo ni uvivu wetu, sina utetezi.

*Nimesoma sheria kidogo:*
Mkuu, kwenye hakimiliki usitegemee sana. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 2(8), unaziacha habari za siku nje ya ulinzi. Kwamba pampu zimekufa ni tukio, halina mwenyewe. Chako ni namna ulivyoliandika, yaani mpangilio wa maneno, ile "chai ya maziwa". Angesimulia kwa maneno yake ungekuwa huna kesi. Kusoma aya kwa aya nzima ni jambo jingine, hapo mwenye gazeti angeweza kuuliza. Mwenye gazeti, sio wewe, inategemea mlivyokubaliana.

*Jirani wa Nairobi:*
Nyinyi muna bahati. Huku asubuhi ni Patanisho ya Radio Jambo, bwana na bibi wanapatanishwa hewani, matatu nzima imenyamaza kusikiza kama atasamehewa. Nisomeeni hata kurasa za matangazo ya vifo, nitashukuru.

*Muuza magazeti, stendi ya mkoa:*
Wanasimama mezani kwangu mikono nyuma, wanasoma vichwa, ukiuliza wanakwambia nimeshasikia redioni. Sawa. Lakini nisiwadanganye, hata mimi nawasha redio tangu saa kumi na mbili ili nijue lipi nilitandike juu. Likisomwa kwa mbwembwe, watu wanakuja kulitafuta. Lisiposomwa kabisa, jioni naliuza kwa kilo kwa mama wa maandazi. Lile la visima siku hiyo yaliisha yote kabla ya saa tatu.

*Mleta mada tena:*
Wa Tabora umenifunga mdomo, ile aya ya kwanza naiondoa. Wasome yote. Ila jina, na kijiji kitamkwe sawasawa, wenyewe wanajisikia vibaya. Na wewe wa redioni, huyo mdhamini anakulipeni kwa maneno ya nani? Hapo hujajibu.

*Wa redioni:*
Najua sijajibu.

*Kutoka Namtumbo:*
Tumesahau la maana. Pampu je?

*Mleta mada:*
Injinia wa maji wa wilaya alifika Alhamisi na mafundi wawili. Mbili zinatoa maji, ya tatu wanasubiri kifaa. Yule mama alinipigia kunishukuru, nami nikamuuliza yeye, huyo injinia alijuaje? Akasema, "Amesema kasikia redioni."