Mrejesho: stata iliyogoma, Kigoma

Wakuu, niliuliza kuhusu Corolla yangu ya manyo (gia za mkono): nikiwasha inagonga "ta!" tu, na stata (mota inayowasha injini) ya mtumba nimetajiwa laki na nusu ambayo sina. Asanteni, hasa aliyesema nipime betri kwanza. Ilisoma volti 12.6, yaani imejaa, kwa hiyo siyo yenyewe. Fundi umeme hapa Mwanga akaifungua stata: kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota) zimelika zimeisha. Solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta, ndiyo ile "ta!", ila mota haipati umeme. Kaweka kaboni mpya, kapiga msasa laini komyuteta (sehemu ya mota inayoguswa na kaboni), kakaza waya wa hasi. Elfu 30, ufundi humo humo. Kabla ya hapo nilikuwa naegesha mteremkoni, gari likishuka naachia klachi gia ya pili, linawaka. Kigoma miteremko ni ya bure. Wenye otomatiki, hilo haliwahusu. Bushi za stata (vishikio vya ekseli yake) zimeanza kulegea, zitasubiri mshahara.