Bimkubwa kamaliza kemo (dawa za saratani), anataka kurudi shamba. Nimzuieje?

Kijana wa Ituha: Wakuu habari za jioni. Bimkubwa, mama yangu, ana miaka 58, mwaka jana alikatwa titi la kushoto kwa saratani, kemo kamaliza na mionzi kamaliza. Daktari kamwambia asikae tu, afanye mazoezi, yeye kasikia mazoezi kaelewa jembe. Saa 12 asubuhi baridi yote hii nasikia geti linalia, namkuta kavaa mabuti anaenda shambani kwake Uyole. Shangazi zangu wanasema mgonjwa hupumzishwa. Nimzuieje bila ugomvi?

Mzee wa Kabwe: Mwache alime. Mama yangu alilima mpaka 80, nyie wa siku hizi ngazi mbili tu mnahema.

Mpanda Loleza: Mkuu mimi nilikuwa kilo 104, kila jumamosi napanda mlima Loleza, sasa hivi 86. Mlete.

Mpanda Loleza: Halafu 2025 ulitoka utafiti, wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo, waliosimamiwa mazoezi miaka 3, baada ya miaka 8 walikuwa hai 90 kwa 100, wenzao 83.

Sista Mwanjelwa: Huo ni wa utumbo, huyu ni titi, msichanganye. Ila daktari yuko sahihi, hata nusu saa ya kutembea haraka mara 3 kwa wiki inapunguza ule uchovu wa kemo. Mdogo wangu, tezi za kwapani walitoa? Mkono wa kushoto ukoje?

Kijana wa Ituha: Walitoa. Mkono umevimba kidogo tu, pete ya ndoa haiingii wiki ya pili hii. Si unaona, jembe hilo.

Sista Mwanjelwa: Wiki mbili unakaa nayo ndo unauliza habari ya ugomvi? Jembe si sumu, mkono unazoeshwa uzito kidogo kidogo, ila ukishavimba uonwe kwanza. Ukiwa mwekundu na wa moto au ana homa, hospitali leo leo.

Dada Tukuyu: Mi nashangaa, kwa nini usiende naye ukamlimia?

Kijana wa Ituha: Haya niseme. Shamba nimeshalikodisha, jamaa anapanda viazi, laki 3, imeingia kwenye marejesho ya bajaji. Mama hajui. Nilifanya kwa ajili ya afya yake jamani msinielewe vibaya.

Mzee wa Kabwe: Afya ya bajaji 😂😂

Chai Jaba: Hii chai. Uzi wako wa bajaji ulisema umebaki yatima, leo mama kafufuka?

Kijana wa Ituha: Nilisema mzee kafariki, rudi ukasome. Nikatunge saratani ili nipate nini?

Chai Jaba: Laki 3 nyingine 😂

Sista Mwanjelwa: Chai au si chai, kashike huo mkono uniambie una joto au hauna.

Kijana wa Ituha: Una joto kuliko wa kulia. Kwenye kiwiko kuna wekundu.

Dada Tukuyu: Zima simu washa bajaji.

Kijana wa Ituha: Mrejesho. Ni maambukizi, kapewa dawa, kaambiwa zikiisha aanze kutembea na mazoezi ya mkono, jembe baadaye taratibu. Sasa wakati wa kurudi kaniambia nipitie shambani achume mboga. Kakuta matuta mapya. Yuko kiti cha nyuma hapa hajasema neno toka Uyole, nimepaki naangalia simu tu, nimwambieje?