Kuhamisha pleti namba ya pikipiki kwa fundi wa mtaani: liwe kosa au liruhusiwe?

Mtoa hoja, Dar es Salaam

Wakuu, bodaboda zilizohamishwa pleti namba zimejaa mitaani. Nyingine pleti imepandishwa nyuma ya keria, nyingine imebanwa ubavuni karibu na gurudumu, nyingine imekunjwa ikalala chini ya kiti, inatazama juu. Trafiki akizikuta zote tatu anaandika kosa lile lile. Hapo ndipo sikubaliani naye. Anayehamisha ili namba isidondoke na anayehamisha ili isisomeke wamefanya mambo mawili tofauti.

Wengi hawajui tatizo linaanzia wapi. Boxer na pikipiki za aina yake huja na pleti iliyoning'inia kwenye madigadi ya plastiki ya nyuma. Itikise kila siku kwenye barabara ya vumbi na matuta, itapasuka pale pale kwenye matundu ya bolti. Ukiongeza gunia la mkaa au kreti za soda zinazoning'inia hadi kwenye taa, imekwisha. Pleti ikipotea unaanza kuhangaika: polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha TRA (Mamlaka ya Mapato), huku hesabu ya tajiri mwenye pikipiki inakudai kila jioni. Ndiyo maana dereva anakimbilia kwa fundi wa kuchomelea, anakatiwa kipande cha flatibaa (chuma bapa) kutoka kwenye vyuma chakavu, bolti mbili, kazi imeisha.

Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Lengo lilikuwa kumpunguzia mzigo kijana anayetafuta riziki. Nafuu hiyo inayeyuka ukiandikiwa faini kila kona kwa pleti ambayo trafiki mwenyewe ameisoma vizuri, akaandika namba yake kwenye karatasi ya faini.

Hoja yangu: kipimo kiwe kusomeka. Pleti iwe nyuma, isimame wima, isomeke mchana na usiku. Ikitimiza hayo, chuma kilichoishika kisimhusu mtu.

Abiria, Mbagala

Nakupinga, kaka. Usiku kabla sijapanda bodaboda namtumia mdogo wangu namba ya pikipiki. Ndiyo kinga niliyo nayo. Pleti ikiwa ubavuni inabidi niiname gizani nimulike na simu, na dereva ananiambia "panda dada, tunachelewa". Ndugu yangu wa karibu aliporwa mkoba na watu wa pikipiki, na alichoweza kuwaambia polisi ni rangi ya tanki tu. Pleti ilikuwa imekunjwa.

Unasema nia zinatofautiana. Nia ya mtu nitaijuaje wakati pikipiki imeshatokomea? Ukiruhusu fundi mmoja aihamishe kwa wema, wenye ubaya nao watakuwa na jibu la kumpa trafiki: "nilihamisha kwa sababu plastiki ilipasuka."

Fundi wa kuchomelea, Morogoro

Hofu ya dada ni ya kweli, na sisi mafundi tunaichangia. Mteja akisema "ilaze kidogo, fundi", wengine wanailaza. Mimi simfanyii, aende kwingine.

Ila nieleze kazi ilivyo, maana wengi wanaihukumu bila kuijua. Chini ya taa ya nyuma ya pikipiki nyingi kuna kioo cheupe. Kazi yake ni kumulika namba. Ukiipandisha pleti juu ya taa, umeinyima mwanga, usiku haisomeki hata ikiwa wima na safi. Anayehamisha bila kufikiria taa ameharibu. Ama uibakize chini ya taa, ama ufunge kitaa kidogo cha LED cha volti 12 na uchukue umeme kwenye waya wa taa ya nyuma, kiwake pamoja nayo.

Pili, tairi. Pikipiki ikiwa tupu nafasi inaonekana kubwa. Wapakie watu wawili wazito uone shokapu zinavyolala, tairi inapanda hadi kusaga pleti. Pima ikiwa imepakiwa. Tatu, flatibaa ndefu iliyoshikwa upande mmoja inatikisika kuliko hata ile plastiki, na pleti inachanika kwenye matundu. Ishike sehemu mbili, weka vipande vya mpira wa tyubu katikati, funga nati za nailoni zisizolegea. Na kabla ya kuchomelea chochote kwenye pikipiki, chomoa waya wa betri, la sivyo unaweza kuunguza mfumo wa umeme.

Madigadi msiyakate yote. Mvua ikinyesha, tope lote linaishia mgongoni kwa abiria.

Msomaji, Mombasa

Huku Kenya kanuni za makosa madogo za 2016 zimeweka faini ya shilingi 10,000 za Kenya kwa gari lisilo na namba au lenye namba isiyofungwa inavyotakiwa. Bado utaona pleti zimekunjwa kila steji. Ukali wa faini peke yake haujatusaidia.

Mtoa hoja

Dada wa Mbagala, sikuombi uamini nia ya mtu. Ndiyo maana nataka vipimo, ili nia isiulizwe kabisa. Umoja wa Ulaya mwaka 2009 uliandika kwa pikipiki: ukingo wa juu wa pleti usizidi mita 1.5 kutoka ardhini, na ikitazama juu isiinamie zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Haikutajwa nani aitengeneze. Trafiki wetu akiwa na vipimo kama hivyo na kipande cha mbao kilichokatwa kwa pembe hiyo, ubishi unaisha dakika moja. Iliyo ubavuni inakamatwa, iliyokunjwa inakamatwa, isiyo na taa inakamatwa. Ya mbeba mkaa aliyeihamisha isidondoke, ikatimiza vipimo, inapita.

Na faini imfuate mwenye pikipiki pia. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba, ambazo bado ni za tajiri hadi wamalize kulipa, na hawana ruhusa ya kubadilisha hata kioo. Tajiri anaambiwa madigadi yamepasuka, anajibu "vumilia, utanunua ikiwa yako". Kijana anaifunga pleti kwa waya, kisha anakamatwa yeye.

Abiria, Mbagala

Kwa vipimo hivyo nakuelewa, mradi taa iwe sharti la kwanza. Ila trafiki nao waje vijiweni usiku wakague. Mchana tu haitoshi, tunaporwa usiku.