Gazeti la chama na gazeti "huru": lipi linatupotosha zaidi?

Mleta mada:
Wakuu, juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja kashika gazeti la chama, anasema hilo ni la kufungia vitumbua. Nikamwambia bora hilo, maana najua mwenye nalo ni nani.

Mnakumbuka Agosti 2021? Uhuru, gazeti la CCM yenyewe, lilitoka na kichwa kikubwa kwamba Rais Samia hana wazo la kuwania urais 2025. Wakaegemea mahojiano aliyofanya na BBC. Chama kikasema hakutamka hivyo, kikawasimamisha wakuu wa gazeti, na serikali ikalifungia siku 14. Mwezi uliofuata mwenyewe akawaambia wanawake kwamba rais mwanamke watamweka 2025. Na kweli jina lake likawa kwenye karatasi ya kura.

Hoja yangu: gazeti linalojulikana linaegemea wapi unalisoma na chumvi mkononi. Linalojiita huru unalimeza kavu. Nawasilisha.

Msomaji wa Kusimama:
Mleta mada, unazungumza kama watu wananunua. Sisi wengine tunasoma pale mezani kwa muuza magazeti, mikono nyuma, tunapanda daladala. Kwangu kichwa cha habari ndiyo gazeti lenyewe. Hata kama ndani, aya ya kumi na moja, wamempa mtuhumiwa nafasi ya kujibu, mimi nimeshafika Ubungo na hukumu yangu. Wakikosea ukurasa wa mbele, radhi inakaa ukurasa wa nne chini ya tangazo la kiwanja.

Asiyefungiwa:
Mbona mnapita haraka kwenye zile siku 14? Uhuru lilipigwa kofi la mzazi. MwanaHalisi lilipewa miezi 24 mwaka 2017, Mseto lilipata 36 mwaka mmoja kabla, Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020. Ilibidi tusubiri Februari 2022 Waziri Nape ayafungulie, pamoja na Mawio. Anayeandikwa vibaya ndiye anayeshika kufuli! Na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya.

Msomaji wa Kusimama:
Sawa, lakini aliyechafuliwa jina aende wapi? Baraza la Habari lipo tangu 1995, linasuluhisha vizuri tu, ila gazeti likigoma halina rungu.

Asiyefungiwa:
Aende mahakamani. Ni mbali na ni ghali, nakubali. Kufuli linaninyima gazeti mimi ambaye sijamkosea mtu.

Korespondenti wa Zamani:
Nimesoma kimya, sasa niseme. Miaka sita nimeandikia gazeti moja kutoka mkoani, jina nalihifadhi. Mshahara sikuwa nao. Nalipwa kwa stori iliyotoka, na hayo malipo yenyewe yanakuja yakijisikia. Halmashauri ikiwa na ziara, gari lao linakuchukua, wali wao unakula, jioni unasaini karatasi ya posho. Mnaita bahasha. Mimi nilikuwa naita kodi ya nyumba.

Siku moja akina mama wakaniita kuona mradi wa maji: bomba jipya, tone hakuna. Nikaandika. Mhariri akapiga simu: "Mkurugenzi umempata?" Nilikuwa nimempigia mara moja tu, saa tatu usiku, nikamalizia na ile sentensi mnayoijua, simu yake iliita bila kupokelewa. Mhariri akasema haina mizania, rudi ukabalansi. Alikuwa sahihi, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini wiki ileile halmashauri hiyo ilikuwa na ukurasa mzima wa zabuni kwenye gazeti letu. Mpaka leo sijui nilizuiwa na maadili au na tangazo. Huo ndio upendeleo unaonitisha, kwa sababu hata aliyekuwa ndani hauoni.

Jirani wa Namanga:
Huku Kenya hilo la matangazo halijifichi. Tangu 2017 serikali iliacha kutawanya matangazo yake magazetini kama zamani, ikayakusanya kwenye toleo lake la MyGov. Vyumba vya habari viliusikia mfuko ukilegea. Mtu hahitaji kumpigia mhariri simu.

Mleta mada:
Korespondenti umenivua nguo, maana gazeti la chama nalo linakula matangazo hayohayo. Napunguza: chumvi iwe kwa yote. Ila wachapishe basi, hata mara moja kwa mwaka, nani kawalipa matangazo na kiasi gani. Tutajisomea wenyewe.

Msomaji wa Kusimama:
Waweke ukurasa wa mbele, tafadhali. Korespondenti, ile stori ya maji ilitoka?

Korespondenti wa Zamani:
Ilitoka, ukurasa wa saba. Mkurugenzi alieleza kwamba pampu iko njiani. Picha waliyoweka ni ile ya siku ya kukata utepe.